Kiini cheupe, mteja wa chipsi kanuna

SWALI: Shikamoo mzee. Nafuga kuku wa mayai wa kisasa hapa Masasi, nimewafungia bandani muda wote, nawapa pumba za mahindi, makopa ya muhogo niliyosaga, mashudu ya ufuta na dagaa. Wanataga vizuri tu ila kiini cheupeee, yani ukipasua yai kwenye kikaango unakitafuta kiini kiko wapi. Kijana wa chipsi anayechukua trei zangu keshaanza kununa, ati wateja wanadhani mayai mabovu. Jirani kanambia niwape karoti, mwingine bizari ya manjano, mwingine rangi ya juisi kwenye maji. Nishike lipi?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mayai yako mazima kabisa, tatizo ni macho ya wateja, ila mteja ndo mwenye hela kwa hiyo tumfuate. Kuku hatengenezi rangi ya kiini mwenyewe, anaitoa kwenye anachokula, ni hizi wanaita karotenoidi, hasa lutini na zeaksanthini. Sasa mahindi yetu huku meupe, makopa ndo meupe zaidi, rangi itoke wapi? Wa kienyeji anayezurura chini ya mikorosho kiini kinaiva sababu anadonoa majani kutwa. Ungepata mahindi ya njano ungepumzika, lakini huku kuyapata kazi.

Shika majani. Mlonge ndo naupenda kuliko yote, chuma, kausha KIVULINI (jua linaua rangi, jani likishakuwa la kahawia hapo unalisha makapi tu), saga, changanya kama kilo 5 kwenye kilo 100 za chakula. Usizidishe ukidhani ndo kitakolea haraka, nyuzinyuzi zikiwa nyingi mayai yanapungua. Mchicha nao mzuri. Kisamvu sawa lakini kina sumu ya sianidi, kikatekate kinyauke kikauke kabisa ndo uwape, kibichi hapana. Majani ya mti wa lusina kidogo sana, nayo yana sumu yake.

Majani yanaleta njano. Kama kijana wako anataka ile inayoelekea chungwa, ongeza pilipili hoho zilizoiva nyekundu, zikaushwe zisagwe, anza na kiasi kidogo uangalie. Hata pilipili kali inafaa, kuku hasikii ule muwasho, utakayelia ni wewe unayetwanga so funga kitambaa puani. Na usisage ya miezi, unga ukikaa sana rangi inapotea.

Karoti wape kama zipo ila kwa ajili ya rangi ni hasara, ile rangi yake, betakarotini, kuku anaigeuza vitamini A, kwenye kiini inafika kiduchu. Manjano usiyategemee. Rangi ya juisi achana nayo kabisa, mayai ya kuuzia watu hayo!

Mashudu ya ufuta usiyatoe maana rangi hizi zinasafiri na mafuta. Kiini kinajengwa kidogo kidogo siku kama 10 kabla yai halijatagwa, kwa hiyo utaanza kuona tofauti baada ya siku chache ila subiri kama wiki mbili ndo umwite mtu wa chipsi aje apasue mwenyewe.

Halafu siku ukiona kiini kimepauka ghafla na chakula ni kilekile, chungulia kinyesi, kikiwa na damu inaweza kuwa koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu, au utumbo umeharibika hivyo rangi haifyonzwi, hapo hamna mlonge utakaosaidia, mwite afisa mifugo wa kata.