Mafundisho ya uponyaji wa kiroho: jibu kwa dada wa Kisauni

Assalaam alaykum, na salamu pia kwa wasiokuwa Waislamu. Dada wa Kisauni, umeeleza kwamba rafiki yako wa kazini amekualika kwenye darasa la Jumamosi ambako hufundishwa kwamba Mungu ni Akili moja iliyoenea kila mahali, kwamba ugonjwa hauna uhalisi mbele yake, na kwamba maisha yana kanuni ambazo mtu akizifuata mwili na riziki hunyooka. Umeuliza elimu hiyo ni ya wapi, kama inamfaa Mwislamu, na kama mama yako, ambaye ana presha na ameshaanza kuvutiwa, anaweza kuacha vidonge baada ya kuombewa. Nimekuwa nikihudhuria mafundisho ya namna hiyo hapa Mombasa, mtaa wa Tudor, tangu nilipostaafu ukarani bandarini, kwa hivyo nitajibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma, nikianza na swali la mwisho kwa kuwa haliwezi kungoja Jumamosi.

Mama asiache vidonge. Presha haina sauti: mtu huamka mzima, akapika, akaenda sokoni Kongowea na kurudi, hali mishipa yake imebeba mzigo usiomuuma popote, mpaka siku anapopatwa na kiharusi. Kwa hivyo kujisikia vizuri baada ya dua si dalili kwamba presha imeshuka. Inayosema kweli ni mashine ya kupimia, na daktari ndiye wa kupunguza dawa ikiwa vipimo vinaruhusu. Zipo pia dawa za presha ambazo mtu akizikata ghafla, presha huruka juu kwa nguvu. Mwalimu yeyote atakayemwambia avitupe vidonge ili athibitishe imani yake, huyo mkimbieni, awe amevaa kanzu, kola au suti. Sisi wa pwani tumekwisha kuona mambo: mwaka 2023 huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Mungu. Darasa letu halina uhusiano wowote na balaa lile, lakini tangu hapo sioni haya kumwuliza mwalimu wa dini swali gumu mbele ya watu.

Sasa asili yake. Wengi wakisikia neno metafizikia, ambalo ndilo jina mafundisho ya namna hii huitwa, hudhani ni mambo ya Bara Hindi au ya majini, ilhali mafundisho unayoyaeleza yamezaliwa Marekani katika karne ya 19. Anayetajwa sana kuwa chimbuko lake ni Phineas Quimby, fundi saa wa jimbo la Maine aliyezaliwa 1802 na ambaye hakusoma shule kubwa. Aliwahi kuona watu wakilazwa usingizi wa kiini macho, akajifunza kuwalaza, akawa akizunguka na kijana mmoja ambaye katika usingizi huo alitazama wagonjwa na kuwaagizia dawa. Hapo Quimby akagundua jambo lililomshughulisha maisha yake yote: kijana akiagiza dawa ya bei kubwa mgonjwa hupata nafuu, na akiagiza kitu rahisi kisicho na thamani mgonjwa hupata nafuu vilevile. Akakata shauri kwamba kinachoponya ni imani ya mgonjwa, akaachana na yule kijana, akaanza kukaa na wagonjwa ana kwa ana na kuwaeleza kwamba maradhi yao ni dhana waliyoiamini. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinamwonyesha mtu anayechunguza. Wengi waliomfuata walichukua jibu lake wakauacha uchunguzi.

Mmoja wa wagonjwa wake, aliyemfikia mwaka 1862, alikuwa Mary Baker Eddy. Quimby alifariki Januari 1866, na wiki chache baadaye Eddy akateleza kwenye barafu katika mji wa Lynn, Massachusetts, akaumia, kisha akasimulia kwamba alipona akiwa anasoma Injili kitandani. Alitoa kitabu chake 1875 na kuanzisha kanisa la Sayansi ya Kikristo 1879. Kwake yeye maada yenyewe, yaani vitu vinavyoonekana na kushikika, haina uhalisi, na Mungu ndiye Kanuni, Akili, Nafsi, Roho, Uhai, Kweli na Upendo; wafuasi wake kwa desturi hutegemea sala badala ya hospitali, ingawa mfupa uliovunjika aliruhusu uachiwe daktari wa upasuaji. Mwanafunzi wake, Emma Curtis Hopkins, alijitenga naye akafundisha Chicago, na kwa wanafunzi wake ikatapakaa ile iitwayo Fikra Mpya: Charles na Myrtle Fillmore walioanzisha Unity huko Kansas City 1889, na baadaye Ernest Holmes, aliyemfikia Hopkins wakati mama huyo amekwisha kuwa mzee, akachapisha kitabu chake kikuu 1926 na kufungua taasisi Los Angeles mwaka uliofuata. Unity na Holmes hawamkatazi mtu daktari. Kwa hivyo, mwanangu, kabla hujaketi hiyo Jumamosi uliza darasa ni la tawi gani, kwa sababu watu wawili wanaweza kutamka maneno yaleyale, kwamba ugonjwa hauna uhalisi, na mmoja akakusindikiza zahanati ilhali mwingine anakuzuia mlangoni.

Sisi tunafuata Holmes. Mwenye nyumba ni muuguzi mstaafu, Mkristo, na tunakutana sebuleni kwake, viti vya plastiki vimeegemezwa ukutani, feni inazunguka, na simu zote zimelazwa kwenye sinia juu ya kabati. Hapana kupagawa, hapana kuangushwa, hapana mafuta ya upako. Mwenye shida huisema kwa sentensi moja tu, maana mwenye nyumba hapendi hadithi ya ugonjwa irefushwe, kisha mmoja wetu hutamka kile tunachokiita matibabu, ambayo yana hatua tano: kukiri kwamba Mungu yupo na ndiye asili ya yote, kukiri kwamba mgonjwa hakutengwa naye, kuitamka hali njema kana kwamba imekwisha kuwa, kushukuru, na kuliachilia neno. Kwa mwenzetu aliyekosa usingizi, kwa mfano, yalitamkwa haya: «Uhai ni mmoja na ni wa Mungu. Uhai huo ndio uliomo ndani ya dada yetu. Usiku huu moyo wake umetua, kwa kuwa hana anachokilinda ambacho Mungu hakilindi. Tunashukuru. Tumeliachilia.» Hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda watu. Mtu huomba vizuri, kisha akarudi nyumbani akakesha anatazama saa ili ajue kama usingizi unakuja, na usingizi ukitazamwa hauji.

Kanuni za maisha zinazofundishwa hapo si ngeni kwa mtu aliyelelewa na wazee: fikra inayokaa moyoni muda mrefu hugeuka mazoea, unalomtakia mwenzako unaanza kuishi nalo wewe, na kinyongo humla mwenye nacho. Sitazirefusha. Kilichonishika mimi ni kitu kingine, na ndicho hasa ninachotaka kukueleza.

Nimelelewa Mji wa Kale katika nyumba ambayo maradhi hayakuachwa yawe maradhi tu. Mtoto akiharisha ni kijicho, mtu akifukuzwa kazi kuna aliyemfanyia. Bibi yangu alikuwa akiandika kombe: sahani nyeupe ya kauri, zafarani iliyorowekwa kwa marashi ya waridi, kijiti kilichochongwa ncha, na aya zikipinda kufuata ukingo wa sahani mpaka zikakutana katikati, kisha sahani husuuzwa na mgonjwa akanywa yale maji ya manjano. Kombe silidharau hata leo, kwani mgonjwa alikunywa maneno ya Mwenyezi Mungu kutoka mkono unaompenda. Lakini baada ya kombe yalifuata mazungumzo ya ukumbini, kwa sauti ya chini, kuhusu jirani gani alipita lini na akasema nini, na kwa mazungumzo hayo nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana hadi wakazikana bila kusemezana. Mafundisho ya Tudor yaliniondolea upelelezi huo. Nilipostaafu mgongo ulinikamata na usingizi ukaniruka, na kabla ya kufikiria daktari likanijia jina la mtu, mwenzangu wa zamani ambaye tuliwania cheo kimoja. Hatua ya pili ya matibabu hainiruhusu kumshuku, kwa sababu nikisema uhai ni mmoja na uko ndani yangu, siwezi kuukana ndani yake. Ikabidi nimtaje kwa heri kila usiku, mwanzoni kwa meno yaliyoumana. Usingizi ulirudi. Mgongo ulihitaji mazoezi ya viungo hospitalini, na hadi leo hunikumbusha ninapoinua ndoo ya maji.

Ubaya wa mafundisho haya umekaa palepale penye uzuri wake. Ukishaacha kumtafuta mbaya wako nje, ni rahisi kumtafuta ndani ya mgonjwa mwenyewe. Alikuja kwetu mama mmoja wa Likoni mwenye saratani ya titi, na mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akamwuliza ni fikra gani aliyoibeba miaka mingi hata ikajitokeza kifuani. Yule mama alivuta pindo la leso yake, akalikunja na kulikunjua, akasema: «Basi na hili pia nimejifanyia mwenyewe?» Mwenye nyumba alimkatiza muulizaji, akasema kwamba katika miaka yake yote ya wodini hakuona uvimbe uliongoja kujua mtu anafikiri nini kabla ya kukua, na kwamba sisi tuko pale kumtia mgonjwa nguvu, si kumsomea mashtaka. Mama yule hakurudi, nami simlaumu. Kanuni isiyoweza kueleza kwa nini mtoto mchanga huzaliwa na tundu la moyo haina haki ya kumhukumu mtu mzima. Nakushauri uichunguze nukta hii kuliko nyingine zote: msikilize mwalimu anavyomzungumzia mgonjwa ambaye hakupona. Akisema hakuamini vya kutosha, umekwisha kumjua.

Mchangiaji aliyenitangulia amesema sayansi imethibitisha nguvu ya maombi ya mbali. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Herbert Benson walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa hawakuwa na nafuu kuliko wasioombewa, na wale walioambiwa kwa yakini kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59 kwa 52. Hilo halinifanyi niache dua, kwa sababu mimi simwombi Mungu ili nimpime, ila tusiwauzie watu uthibitisho ambao haupo. Kinachojulikana vyema ni kile alichokinusa Quimby: kidonge kisicho na dawa, kikitolewa kwa maneno ya matumaini, huweza kupunguza maumivu na kichefuchefu, kwa kuwa hayo hupitia kwenye ubongo na matarajio. Uvimbe hakiupunguzi, wala hakirudishi insulini kwa mtu ambaye kongosho lake limeacha kuitengeneza.

Kuhusu dini, mimi si sheikh na swali hili lipeleke kwa mwalimu wako wa chuoni au kwa imamu unayemwamini. Nitasema tu ninavyofanya mimi. Kwamba mponyaji ni Mungu, hilo halihitaji kuletwa na Mmarekani: Nabii Ibrahim anasema katika Surat Ash-Shu'araa, aya ya 80, kwamba anapougua ni Yeye ndiye anayemponya. Mtume naye alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akamwambia amfunge kisha atawakali; vidonge vya mama yako ndiyo kamba yenyewe. Ninapotofautiana na wenzangu ni pale maneno yanapoelekea kusema kwamba mtu na Mungu ni kitu kimoja. Ubishi huo Waislamu wameujua tangu zama za Ibn Arabi, mwanazuoni wa Kisufi aliyefariki Dameski 1240, na wanazuoni hawajaumaliza, sembuse mimi karani. Wanapofika hapo mimi hunyamaza, nikasema moyoni kwamba mja ni mja, kisha nikaendelea nao katika kushukuru na kuachilia. Mwenye nyumba anajua na hajawahi kunilazimisha. Kama darasa lako linamtaka kila mtu atamke neno moja kwa pamoja, au linakuambia ufiche habari zake nyumbani, hapo pana walakini.

La pesa ni fupi. Kwetu kuna kikapu karibu na mlango, atakaye hutia, asiyetaka hupita. Katika baadhi ya matawi mwombeaji hulipwa ada ya kazi yake na hilo halifichwi, kwa hivyo ada peke yake si dalili ya utapeli. Dalili ni bei inayopanda kadiri ugonjwa unavyozidi, au daraja la juu la kulipia ambalo ndilo eti lenye uponyaji wa kweli.

Mkiamua kwenda, nenda na mama yako, lakini kabla ya Jumamosi mpitishe zahanati apimwe na kipimo kiandikwe kwenye kadi yake. Aendelee na vidonge na aombewe pia, kisha baada ya mwezi apimwe tena na kadi apelekewe daktari. Mwonyesheni na mwalimu kadi hiyo mkipenda; kwetu Tudor mwenye nyumba huziomba mwenyewe, akavaa miwani na kuzisoma moja moja kabla hatujaanza.