WWE na ugonjwa wa kusahau: majibu kwa wapenzi wa mieleka

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba kinachoisumbua WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, si uhaba wa vipaji wala pesa, ni usahaulifu. Jambo zito linatokea ulingoni Jumatatu, na Jumatatu inayofuata kila mtu anajifanya halikutokea. Nikaomba mawazo yenu. Yamekuja mengi, mengine makali kweli, nami nimechagua haya.

Ukikabidhiwa WWE uiendeshe mwaka mmoja, unaanza na nini?

Naanza na Kofi Kingston. Simaanishi kumrudishia mkanda wa ubingwa. Ningewaketisha waandishi wote wa visa na kuwaonyesha yaliyompata mwaka 2019, kwa sababu katika miezi ile michache kuna kila kitu kizuri ambacho WWE inakiweza, na kila kitu inachokiharibu.

Kofi, mzaliwa wa Ghana, alikuwa na miaka kumi na moja kwenye vipindi vikuu vya kampuni. Wote tulimpenda, lakini hakuna aliyemhesabu miongoni mwa mabingwa wa dunia. Februari 2019 Mustafa Ali akaumia, Kofi akaitwa kuziba pengo. Katika pambano moja la kupokezana wapinzani alikaa ulingoni zaidi ya saa nzima, huyu akitoka anaingia yule. Watu wakaanza kuliimba jina lake, wakaliimba wiki baada ya wiki mpaka kampuni ikasalimu amri. Tarehe 7 Aprili, kwenye WrestleMania 35, onyesho kubwa la kampuni la kila mwaka, akamshinda bingwa Daniel Bryan na kuubeba mkanda wa WWE, na wanawe wakapanda ulingoni kumkumbatia. Nililia usiku ule, wala sioni haya kusema hivyo.

Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, Brock Lesnar akambeba mabegani, akambwaga, refa akahesabu tatu. Hazikufika hata sekunde kumi na tano. Kushindwa kwenyewe sikulalamikii, maana Lesnar amejengwa kuwa mtu wa kumbwaga yeyote. Kilichoniuma ni wiki zilizofuata. Bingwa aliyepiganiwa na mashabiki dunia nzima akarudi kwenye mapambano ya timu na wenzake wa New Day, bila marudiano, bila kisasi, kama mtu aliyepoteza mwavuli.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ingekuwa kumwajiri mtu mmoja wa kutunza daftari. Nani kampiga nani, nani kamsaliti nani, nani aliahidi nini mbele ya watu. Hakuna kisa kinachopita bila mtu huyo kuulizwa. Na anayepoteza kitu kikubwa apewe angalau mwezi mzima wa kukililia, kukikasirikia, au kukitafuta upya.

Faida ya daftari hilo tayari tumeiona. Undertaker alipomshinda Jimmy Snuka kwenye WrestleMania ya mwaka 1991, hakuna aliyekuwa akihesabu. Ushindi wake wa WrestleMania uliongezeka mwaka hadi mwaka, watu wakaanza kuutaja, na hatimaye hesabu yenyewe ikawa na thamani kuliko mkanda wowote. Ilipofika 2014 pale New Orleans, akiwa ameshinda mara 21, Lesnar akamshinda, na uwanja mzima ukanyamaza. Watu walikuwa wameshika vichwa. Ukimya wa namna ile hautengenezwi kwa fataki wala taa. Unajengwa kwa miaka ya kukumbuka.

Mikanda imezidi. Mimi ningeifuta ile mipya ya wanawake. Unasemaje?

Kwamba imezidi nakubali. Nikihesabu Raw, kipindi cha Jumatatu, na SmackDown, cha Ijumaa, bila NXT ya wanaochipukia, napata kumi na mmoja. Lakini unataka kukata mahali pasipostahili. Mikanda ya wanawake ya Intercontinental na United States, iliyopata mabingwa wake wa kwanza kati ya Desemba 2024 na Januari 2025, imewapa kazi wanawake ambao awali walikuwa wanakaa nyuma ya pazia wiki nzima wakisubiri nafasi moja ya kugombea ubingwa wa dunia.

Mimi ningepunguza kutoka juu. Bingwa mmoja wa dunia kwa wanaume, mmoja kwa wanawake, na timu moja ya mabingwa wanaume badala ya mbili. Hao wangezunguka kwenye vipindi vyote viwili. Inabaki minane. Neno "dunia" haliwezi kuwa na maana moja Jumatatu na maana nyingine Ijumaa.

Roman Reigns alikaa na mkanda siku 1,316. Ilikuwa sawa?

Muda wenyewe haunisumbui. Hulk Hogan aliushika siku 1,474 kuanzia Januari 1984, na Bruno Sammartino kabla yake alipitisha siku 2,803, kuanzia Mei 1963 hadi Januari 1971. Kampuni hii imejengwa juu ya mabingwa waliokaa muda mrefu. Kisa cha Reigns na ukoo wake nakiona kuwa miongoni mwa visa bora vya zama hizi, kwa sababu hapo ndipo waandishi walikumbuka. Ugomvi wa Reigns na binamu yake Jey Uso wa mwaka 2020 ulikuwa bado unazaa matunda 2023.

Kasoro ilikuwa kutokuonekana. Hogan na Sammartino walizunguka mji hadi mji wakiutetea mkanda. Reigns, hasa kuelekea mwisho, alipotea wiki nyingi, na kipindi kikawa hakina kilele. Ile kanuni ya bingwa kuutetea mkanda kila baada ya siku 30, ambayo imewahi kutajwa hewani mara nyingi, ningeiandika ukutani na kuifuata bila kumwangalia mtu usoni. Bingwa akiumia au akihitaji mapumziko, auweke chini mkanda kwa heshima na wengine waugombee. Kurudi kwake kudai kilicho chake ni kisa tosha cha miezi sita.

Mtu akiniambia kanuni hiyo ingemnyima Cody Rhodes usiku wake wa Philadelphia, tarehe 7 Aprili 2024, alipomvua Reigns mkanda, namwelewa. Sijapata jibu linaloniridhisha mwenyewe. Labda ningeikubali kanuni na kumpoteza Cody wa usiku ule, na ingeniuma.

Raw iwe ya saa ngapi?

Mbili. Tangu Julai 2012 walipoifanya ya saa tatu, saa ya mwisho imekuwa ikichosha watazamaji na waandishi pia. Tangu ihamie Netflix Januari 2025 urefu wake umekuwa ukibadilika, na usiku inapokuwa fupi inakuwa bora. Sina zaidi.

Mimi ni mama. Mwanangu wa miaka kumi na moja ameambiwa na wenzake kwamba mieleka ni uongo, akalia. Nimwambie nini? Na je, wale watu hawaumii kweli?

Mama, pole kwa machozi ya mtoto. Mwambie ukweli, atauweza. Nani atashinda huwa kumepangwa kabla, na jambo hilo si siri: mwaka 1989 kampuni yenyewe ililieleza bunge la jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani. Kilichopangwa ni matokeo. Mwili haupangwi. Anayeruka kutoka juu ya kamba anashukia mbao na vyuma vilivyofunikwa kwa godoro jembamba, na anayempokea chini amebeba uhai wa mwenzake mikononi. Mwambie wale wawili wanaoonekana kuchukiana wanalindana kila sekunde. Nadhani atawapenda zaidi.

Na ndiyo, wanaumia. Wengine wamekufa. Mei 1999 Owen Hart, mwenye miaka 34, alikuwa akiteremshwa kutoka darini katika ukumbi wa Kemper Arena, Kansas City, akaanguka ulingoni na kufariki. Onyesho likaendelea. Miaka zaidi ya 25 imepita na bado siwezi kulitazama tukio lolote la mtu kuteremshwa kwa kamba bila moyo kunienda mbio.

Mambo mengine yamerekebishwa. Baada ya kifo cha Eddie Guerrero, Novemba 2005, kampuni ilianzisha mpango wa kupima afya na dawa za kusisimua misuli. Mwaka 2010 ikapiga marufuku kumpiga mtu kiti kichwani. Lakini jambo moja limebaki palepale, nalo ndilo ningelipigania kuliko mikanda yote: wanamieleka hawa kisheria si waajiriwa, ni makandarasi binafsi. Wanaambiwa wavae nini, waseme nini, wawe wapi usiku gani, kisha wanahesabiwa kuwa watu waliojiajiri. Jesse Ventura alijaribu kuwashawishi wenzake waunde chama cha wafanyakazi mwaka 1986, kabla ya WrestleMania 2, na jaribio likafa. Mpaka leo hakuna chama. Ningewapa ajira kamili, bima ya afya ya familia nzima, na wiki nane za mapumziko kila mwaka kwa zamu. Soka ina msimu na mapumziko. Mpira wa kikapu pia. Mieleka inaenda mwaka mzima, na magoti ya watu yanalipia.

Wanawake wamepata nafasi ya kutosha sasa?

Wametoka mbali. Februari 2015 Raw iliweka pambano la timu za wanawake lililodumu kama nusu dakika tu, mashabiki wakachachamaa mtandaoni kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata jina la "Divas", walilokuwa wakiitwa wanawake hao, likaondolewa kwenye mkanda. Mwaka 2019 Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey wakawa wanawake wa kwanza kufunga usiku wa WrestleMania. Sasa wanachohitaji ni visa visivyokuwa na mkanda ndani yake. Wanaume wanagombana kwa sababu ya urafiki uliovunjika, deni, wivu, baba. Wanawake mara nyingi wanapewa sababu moja tu: "nautaka huo mkanda." Charlotte na Becky walipofarakana mwaka 2018 tuliona kinachowezekana urafiki unapovunjika mbele ya watu.

Kwa nini Mwafrika kwenye mieleka ya Marekani alikuwa anafanywa mshenzi?

Kwa sababu ilikuwa rahisi, na hakuna aliyewauliza Waafrika. Kamala, "Jitu la Uganda", aliyeingia ulingoni peku na michoro usoni, alikuwa James Harris wa Mississippi. Alikuwa mfanyakazi hodari, na lawama si zake. Hata Kofi, alipoanza mwaka 2008, alitangazwa kuwa Mjamaika na kupewa lafudhi ya kuigiza, ingawa Ghana yake ilikuwa hadithi nzuri zaidi na ya kweli.

Angalia sasa Oba Femi, Mnigeria aliyeutwaa ubingwa wa NXT Januari 2025. Anatembea polepole, haongei sana, na watu wanamtazama kama mfalme. Hakuna mifupa shingoni wala ngoma za kubuni. Ushauri wangu kwa waandishi ni mmoja: muulizeni mtu anatoka wapi na nyumbani wanamwitaje, kisha andikeni hicho.

AEW, kampuni pinzani, inaisaidia WWE au inaiua?

Inaisaidia. Nitro, kipindi cha WCW, mpinzani wa zamani, iliishinda Raw kwa watazamaji wiki 83 mfululizo, na kichapo hicho ndicho kilichowalazimisha kumwachia nyota wao Steve Austin awe Steve Austin. WWE ilipoinunua WCW Machi 2001, ikakosa mtu wa kumwogopa, na tuliionja miaka hiyo ya uvivu.

Nina rafiki asiyejua lolote kuhusu mieleka. Nimwonyeshe pambano gani moja?

Ricky Steamboat na Randy Savage, WrestleMania III, Machi 1987. Lakini usianze na pambano. Mwonyeshe kwanza yaliyotokea mwishoni mwa 1986, Savage alipomponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingo, Steamboat akatolewa nje akihangaika kupumua. Mwambie kwamba miezi ikapita na hakuna aliyesahau, si watangazaji, si mashabiki, si Steamboat. Kisha mwekee pambano. Ni kama robo saa tu. Karibu na mwisho Savage anaichukua kengele ileile, na hapo mtazame rafiki yako usoni.