Maswali ya Wasomaji: Figo Inapofungiwa Damu Wakati wa Upasuaji

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu mdogo ana miaka 58, ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo, mkoani Tabora. Alipimwa ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo, ikaonekana kwamba figo yake ya kushoto ina uvimbe wa sentimita 3.5. Bingwa aliyemwona kwa rufaa amesema ataondoa sehemu yenye uvimbe tu, figo ibaki. Kilichotutia hofu ni kauli yake kwamba ataufunga kwa dakika kadhaa mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Ndugu wanauliza: figo ikikosa damu si itakufa? Na kama itakufa, si heri iondolewe yote? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kuwasukuma kuamua kwa haraka: hapana, si heri iondolewe yote. Uvimbe usiozidi sentimita 4, ukiwa mahali panapofikika, kwa kawaida huondolewa pamoja na ukingo mwembamba wa nyama nzima, na hata ukiwa ni saratani, hudhibitiwa vizuri bila kuitoa figo yote. Mgonjwa hubaki na akiba ya figo, ambayo mtu wa miaka 58 ataihitaji iwapo baadaye atapata presha au kisukari.

Hofu ya ndugu zenu kuhusu damu ina msingi, na ndiyo maana naijibu kwa kirefu. Figo zote mbili hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, yaani kama lita moja kila dakika. Mpasuaji akikata huku damu yote hiyo inapita, jeraha hufurika, naye hauoni vizuri mpaka wa uvimbe wala mshipa uliokatika. Kwa hiyo huweka kibanio kidogo kwenye ateri ya figo. Figo hupauka mbele ya macho yake, na tangu hapo muda huhesabiwa, mara nyingi muuguzi akitaja dakika kwa sauti. Ndani ya dakika hizo uvimbe hukatwa, mishipa hushonwa, njia ya mkojo hufungwa ikiwa imefunguka, kisha kibanio hutolewa.

Wanaoumia kwanza ni seli za mirija midogo ya figo, ambazo kazi yao ya kurudisha chumvi na maji mwilini huhitaji oksijeni muda wote, na zile za sehemu ya ndani huishi kwa oksijeni kidogo hata siku za kawaida. Damu ikikatwa, nishati yao huisha upesi, chumvi na maji huingia ndani, seli zikavimba. Damu inaporudi huzifufua, ingawa kurudi kwenyewe huzalisha kemikali zinazoongeza madhara kwa muda. Jambo la faraja ni kwamba seli hizi zinaweza kuota upya, na figo iliyokosa damu kwa muda mfupi huzinduka baada ya siku au wiki chache.

Muda mfupi ni upi? Figo ikiwa katika joto la mwili, wapasuaji wengi hulenga kumaliza ndani ya dakika 20 hadi 25, na 30 huchukuliwa kuwa ukomo. Mwaka 2010 watafiti wa Mayo Clinic na Cleveland Clinic za Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 362 waliokuwa na figo moja tu, wakaonyesha kwamba hatari huongezeka kwa kila dakika inayoongezeka. Mwaka 2012 waliwachambua upya wagonjwa walewale, safari hii wakizingatia pia kiasi cha figo kilichobaki na hali ya figo kabla ya upasuaji, na ikaonekana kwamba mambo hayo mawili yana uzito kuliko dakika zenyewe. Mimi nalipa jambo hili umuhimu mkubwa, kwa sababu mpasuaji anayekimbizana na saa hadi akakata nyama nzima nyingi, au akashona kwa kukaba mishipa ya jirani, atakuwa ameokoa dakika na kuipoteza figo.

Kinga inaanza kabla ya kibanio kuwekwa. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha kwa dripu, na mtaalamu wa usingizi huhakikisha presha haishuki, maana figo inayopata damu kidogo tangu mwanzo huvumilia vibaya zaidi. Uvimbe ukiwa mdogo na uko pembezoni, pengine mshipa haufungwi kabisa, au hufungwa tawi lile tu linalolisha eneo la uvimbe huku sehemu nyingine ikiendelea kupata damu. Wengine hufungua kibanio mapema, mara tu mishono ya ndani inapokamilika, kisha humalizia ya nje damu ikiwa imekwisha kurudi.

Kazi ikitarajiwa kupita dakika 30, njia iliyojaribiwa kwa miaka mingi ni barafu. Mshipa ukishafungwa, figo huzungukwa na barafu laini iliyosagwa, isiyo na vijidudu, kisha mpasuaji husubiri kama dakika 10 hadi ipoe kufikia nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Seli iliyopoa hutumia oksijeni kidogo sana, hivyo muda wa usalama huongezeka kwa kiasi kikubwa. Kuizungushia figo barafu kupitia matundu madogo ya upasuaji wa kamera ni kazi ngumu, na hiyo ni sababu mojawapo ya uvimbe mgumu kufanyiwa bado upasuaji wa wazi. Daktari akichagua njia hiyo, msidhani kwamba amepitwa na wakati.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi. Manitoli, dawa ya kuongeza mkojo, wagonjwa walipewa kwa miaka mingi kabla ya kufungwa mshipa, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zikifanya kazi vizuri, halikuonyesha faida. Msimpe baba mizizi wala dawa za kuosha figo, kwani baadhi yake huziumiza figo hasa. Na kama anaivuta tumbaku anayoilima, aache sasa: uvutaji huongeza hatari ya saratani hii na huharibu mishipa ya damu.

Mkionana tena na bingwa, muulizeni figo ya kulia ina hali gani, sehemu gani ya figo ya kushoto itabaki, na kama atatumia barafu iwapo muda utarefuka.

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Shangazi yangu wa hapa Ujiji, Kigoma, aliondolewa sehemu ya figo mwezi uliopita. Kipimo chake cha damu cha kreatinini kimesomeka kawaida. Je, ndiyo kusema figo ile imepona kabisa? Na anaweza kuendelea na diklofenaki ya magoti? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Waaleikum salaam. Kreatinini hupima kazi ya figo zote mbili kwa pamoja. Figo nzima hubeba mzigo wa mwenzake, na kipimo kikasomeka kizuri hata kama iliyopasuliwa imepungua nguvu. Kipo kipimo cha picha za nyuklia kinachoonyesha kazi ya kila figo peke yake, ila wagonjwa wengi hawakihitaji. Inatosha shangazi arudie kreatinini, apimwe protini kwenye mkojo na presha, na ahudhurie kliniki kwa tarehe alizopangiwa na mpasuaji wake, pamoja na picha za kuangalia kama uvimbe umerudi.

Diklofenaki aiache. Dawa za kundi lake, ibuprofeni ikiwemo, huzuia kemikali zinazoiacha wazi mishipa midogo ya figo, hivyo hupunguza damu pale pale ambapo mpasuaji alihangaika kuilinda. Kwa magoti atumie parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa. Akiona mkojo wa damu ghafla, hata wiki kadhaa baada ya upasuaji, aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni siku hiyohiyo, kwa kuwa mshipa ulioshonwa ndani ya figo huweza kutuna na kupasuka baadaye.