Jibu: Je, mapango ya Juukan yalilipuliwa kinyume cha sheria?

Ndugu, umeuliza kama kampuni ya madini ya Rio Tinto walivunja sheria walipolipua mapango ya Juukan kule Pilbara, Australia Magharibi, Mei 2020. Hapana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kibali cha waziri walikuwa nacho tangu 2013, chini ya kifungu cha 18 cha sheria ya jimbo hilo ya urithi wa wenyeji wa asili ya 1972. Mwaka 2014 wataalamu wa mambo ya kale wakakuta humo ukanda wa nywele za binadamu zilizosukwa, wa miaka 4,000 hivi, na vinasaba vikaonyesha uhusiano na wenyeji wa leo, Wapuutu Kunti Kurrama. Na watu walishaishi humo miaka 46,000 iliyopita! Ila kibali kikishatoka, ugunduzi mpya haukuwa na nguvu ya kukirudisha mezani. Mwenye mgodi aliruhusiwa kukata rufaa, wenyeji hawakuruhusiwa.

Sheria mpya ya urithi ilianza Julai 2023, wakulima wakaipinga, ikafutwa mwaka uleule. Jimbo limerudi kwenye ile ya 1972, angalau sasa wenyeji nao wana haki ya rufaa. Ukitaka mfano uliofaulu, soma habari za Coronation Hill, kilima cha kaskazini mwa Australia: mwaka 1991 serikali ya waziri mkuu Bob Hawke iliukataa mgodi hapo kwa kuheshimu imani ya Wajawoyn, wenyeji wa asili wa huko.