Kabla hujaondoa akaunti, fungua kivinjari

Mtu akikuambia barua pepe za kwenye kompyuta yake hazilingani na za kwenye wavuti, usikimbilie mipangilio. Fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti ileile, utazame. Unachokiona pale ndicho kilichopo kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua. Barua ikiwepo, basi seva haina kosa, shughulika na programu ya barua iliyo kwenye kompyuta yake. Isipokuwepo hata kule, iache programu kwanza, tafuta kwenye folda ya taka, kwenye vichujio (kanuni zinazohamisha barua zenyewe), au angalia kama nafasi ya akaunti imejaa.

Kisha jua akaunti imeunganishwa kwa IMAP au POP3, njia mbili ambazo programu hutumia kupata barua kutoka kwenye seva. Tazama namba ya poti kwenye mipangilio ya akaunti: 993 ni ya IMAP, 995 ni ya POP3. IMAP huacha barua kwenye seva na programu huonyesha zilizopo huko. POP3 hushusha barua kwenye kompyuta na, isipoagizwa kuziacha, huzifuta kwenye seva. Hili nilijifunza kwa uchungu. Nilimwondolea mwenzangu akaunti pamoja na mafaili yake, nikiamini nikiiunganisha upya kila kitu kitarudi. Kumbe ilikuwa POP3. Zikarudi barua za siku chache tu, za miaka ya nyuma hazikuonekana tena, naye alikuwa ameniamini. Tangu hapo sigusi akaunti ya mtu kabla sijanakili folda nzima ambamo programu inaweka barua zake. Nawe fanya hivyo, hata ukiharakishwa.

Kwenye IMAP, malalamiko mengi ni ya barua zilizotumwa: "Nilimwandikia jana, mbona kwenye wavuti sioni?" Pitia orodha ya folda polepole. Mara nyingi utakuta mbili, "Sent" na "Sent Items". Programu inaweka nakala kwenye moja, wavuti inaonyesha nyingine. Hakuna kilichopotea. Ielekeze programu kwenye folda inayotumiwa na wavuti, halafu hamisha za zamani kwa mafungu madogo, maana ukisukuma maelfu kwa mkupuo muunganisho unaweza kukatika katikati. Kwa Gmail shida huwa kinyume: seva yake huhifadhi yenyewe kila barua inayotumwa kupitia kwake, kwa hiyo programu nayo ikihifadhi, unaweza kuona kila barua mara mbili. Zima uhifadhi wa upande wa programu.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: Thunderbird, mojawapo ya programu za barua, isipoagizwa vingine hukagua kikasha (Inbox) tu. Barua iliyopelekwa na kichujio cha seva kwenye folda nyingine haitaonekana mpaka ubofye folda hiyo. Kwenye sifa za folda kuna sehemu ya kuagiza ikaguliwe kila mara, na hapohapo kuna kitufe cha kurekebisha folda, kinachojenga upya faharasa yake, yaani orodha ya barua zilizomo. Kwa akaunti ya IMAP, jaribu hicho kabla ya kufikiria kuondoa akaunti.

Ukimaliza, jitumie barua yenye kichwa usichoweza kukichanganya na kingine, ihamishe folda ukiwa kwenye programu, kisha itafute kwenye wavuti. Fanya hivyo pia kutoka wavuti kwenda kwenye programu, mwenye akaunti akiwa ameketi kando yako anaona.