Ukoo wa jeni za P450: maswali ya wasomaji

Kwa nini mwili uwe na jeni nyingi za kimeng'enya cha aina moja? Je, moja haitoshi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kisumu)

Haitoshi. Saitokromu P450 ni vimeng'enya vinavyobadilisha kemikali mwilini, aghalabu ili ziweze kutolewa, na kemikali hizo ni za namna nyingi mno. Binadamu ana jeni 57 za ukoo huu zinazofanya kazi. Mbu Anopheles gambiae ana zaidi ya 100.

Jeni hizi huongezeka hivi: wakati mbegu za uzazi zinapoundwa, kromosomu za jozi hulala sambamba na kubadilishana vipande, na pale ambapo jeni zinazofanana zimekaa jirani, kromosomu hizo huweza kupangana vibaya, moja ikaondoka na nakala ya ziada na nyingine ikapungukiwa. Nakala ya kwanza ikiendelea na kazi yake, ya pili huwa huru kukusanya mabadiliko. Mara nyingi huharibika, kama CYP2D7 (CYP ni kifupi cha saitokromu P450) iliyo jirani na CYP2D6 kwenye kromosomu yetu ya 22. Mara chache hupata uwezo mpya, na hapo ndipo ukoo unapopanuka.

Inajulikanaje kwamba jeni hizi zina asili moja, ilhali zimetofautiana sana? (Mwalimu wa baiolojia, Kakamega)

Protini ya P450 huwa na asidi amino (viungo vinavyounda mnyororo wa protini) zipatazo 500, na protini mbili za matawi ya mbali zinaweza kufanana kwa chini ya asilimia 20. Hata hivyo, katika zote, karibu na mwisho wa mnyororo ipo sisteini, mojawapo ya asidi amino, inayoshikilia chuma cha hemu (molekuli yenye chuma), na chuma hicho ndicho kinachofanya kazi yenyewe.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni muundo wa jeni. Jeni zetu za CYP2B6, CYP2C9, CYP2D6 na CYP2E1 ziko kwenye kromosomu tatu tofauti, lakini kila moja ina eksoni 9 (vipande vyenye maelekezo ya protini), zilizokatwa na introni (vipande vinavyoondolewa kabla protini haijaundwa) mahali pale pale. Ni vigumu mno mpangilio wa namna hiyo kutokea mara nne kwa bahati.

Baadhi ya wagonjwa wetu waliotumia efavirenz, dawa ya VVU, walisumbuliwa sana na kizunguzungu na ndoto mbaya. Je, jeni zinahusika? (Muuguzi, Siaya)

Ndiyo. Dawa hiyo huvunjwa hasa na CYP2B6. Mtu aliyerithi kwa wazazi wote wawili herufi ya DNA T badala ya G kwenye nafasi ya 516 ya jeni hiyo huivunja polepole, ikarundikana katika damu yake. Hali hii ni ya kawaida Afrika.

Ni kweli kwamba mbu wameizoea dawa ya vyandarua? (Mkulima wa pareto, Molo)

Mbu mmoja mmoja hazoei. Piretroidi zilizomo kwenye vyandarua ziliundwa kwa kuiga sumu ya ua hilo unalolilima, nazo huua mbu wengi na kuwaacha wachache ambao tayari walikuwa na jeni za kuzivunja. Hao ndio wanaozaa. Katika Anopheles gambiae wa Uganda na magharibi mwa Kenya, watafiti wamekuta mabadiliko matatu yakirithiwa pamoja: jeni ya CYP6AA1 imerudufiwa, kipande cha DNA kinachohamahama kimejipachika karibu nayo, na katika jeni jirani ya CYP6P4 asidi amino moja imebadilika. Nakala zikiongezeka, kimeng'enya huongezeka, na piretroidi huvunjwa kabla haijaua.

Ndiyo sababu vyandarua vingine vimetiwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya vya P450. Vingine vina klorofenapiri, dawa nyingine ya kuua wadudu, ambayo mimi naiona ya busara zaidi: ikiingia mwilini mwa mbu, vimeng'enya hivyo hivyo vya P450 ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kamili.