Nexus inazima yenyewe ndani ya Vagrant

Mkuu, umesema Ansible (zana ya kusakinisha na kupanga seva kiotomatiki) inamaliza kazi bila kosa lolote, Nexus 3 (seva ya kuhifadhi vifurushi vya programu) inawaka kidogo kisha inazima, na poti yake ya 8081 haifunguki. Kwenye Vagrantfile uliyoweka hapa, yaani faili la mipangilio ya Vagrant, zana ya kuunda mashine pepe, umeipa mashine pepe memori ya MB 1024. Kiini cha tatizo ni hicho.

Fungua faili la nexus.vmoptions, uangalie mistari ya -Xms na -Xmx, yaani memori ambayo Java inaanza nayo na kikomo chake. Matoleo mengi ya Nexus 3 yanakuja na 2703m, yaani Java peke yake inadai zaidi ya GB 2.6 kabla Linux haijapata chake. Memori ikiisha, kerneli (kiini cha Linux) inaua prosesi kubwa. Andika `dmesg | grep -i oom` (oom ni "out of memory", memori imeisha) utaona ujumbe wake.

Weka `vb.memory = 4096`, halafu `vagrant reload`. Ukiandika `vagrant up` wakati mashine inawaka, mabadiliko hayo hayaingii.

Jambo la pili, na hili linawachosha wengi: systemd (programu ya Linux inayowasha huduma) ikisema huduma imeanza, Nexus yenyewe bado inajipanga, huchukua hata dakika mbili. Kwenye playbook (faili la kazi za Ansible) weka moduli ya uri, inayotuma maombi ya HTTP, igonge /service/rest/v1/status, retries 30 (majaribio), delay 10 (sekunde kati ya majaribio), mpaka ipate jibu la 200, yaani iko tayari. Ndipo usome nenosiri la kwanza kwenye sonatype-work/nexus3/admin.password. Faili hilo hufutika ukishabadilisha nenosiri, kwa hiyo tanguliza moduli ya stat iangalie kama faili lipo, la sivyo ukiendesha playbook mara ya pili itakwama hapo.

Ukishajaribu, weka logi hapa tuione.